Mwamba Mkavu Ndio Unaovunjika: Chanzo cha Matetemeko ya Kina Kirefu Kinavyotafutwa Ndani ya Mawe

Juni 1994 tetemeko la ukubwa wa 8.2 lilitokea chini ya Bolivia. Mtikisiko wake ulihisiwa hadi Toronto, Kanada, maelfu ya kilomita kutoka hapo, lakini Bolivia kwenyewe madhara yalikuwa madogo mno ukilinganisha na ukubwa huo. Sababu ni kwamba chanzo chake kilikuwa takriban kilomita 630 chini ya ardhi. Na kwa kanuni za kawaida za kuvunjika kwa mawe, tetemeko la aina hiyo halikupaswa kutokea kabisa.

Tetemeko tulilozoea ni matokeo ya msuguano. Pande mbili za ufa zimeng'ang'aniana, msongo unajikusanya kwa miaka mingi, kisha ghafla pande hizo zinateleza. Ukienda chini, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Uzito wa miamba iliyo juu unaubana ufa hadi kuteleza kunakuwa karibu haiwezekani, na joto linaulainisha mwamba, ukawa kama chuma kilichotoka kwenye tanuri la mhunzi: ukikisukuma kinajikunja, hakikatiki. Kwa kina cha tetemeko la Bolivia, shinikizo ni zaidi ya mara laki mbili ya shinikizo la hewa tunayovuta. Hapo jiwe linatakiwa kutiririka polepole kwa mamilioni ya miaka bila kelele yoyote. Badala yake lilivunjika, na likavunjika kwa kishindo.

Fumbo hili lina karibu miaka mia. Mwaka 1928 mtaalamu wa Kijapani, Kiyoo Wadati, alilinganisha muda wa kufika kwa aina mbili za mawimbi ya tetemeko, yale yanayokimbia na yale yanayofuata nyuma. Kituo kilicho juu kabisa ya chanzo kilitakiwa kuyapokea karibu kwa wakati mmoja. Kwa baadhi ya matetemeko ya Japani hata kituo hicho kilipokea mawimbi ya pili yakiwa yamechelewa sana, na maelezo pekee yaliyobaki ni kwamba chanzo kilikuwa mamia ya kilomita chini. Leo tunajua kwamba mengi ya matetemeko hayo hutokea ndani ya mabamba ya dunia yanayozama chini ya mengine, kama vile Tonga, Japani na Amerika ya Kusini. Yale ya kilomita 70 hadi 300 huitwa ya kina cha kati. Yaliyozidi hapo ni ya kina kirefu, nayo hukoma kwenye takriban kilomita 700.

Vipima tetemeko vinatuambia wapi, lini na kwa ukubwa gani. Havituambii jiwe lenyewe lilifanya nini. Na kwenda kuliangalia haiwezekani, kwa sababu shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kuelekea chini, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, yaani kilomita kumi na mbili na ushei. Kwa hiyo wanajiolojia wamegeuza swali. Badala ya kulifuata jiwe chini, wanalitafuta jiwe ambalo liliwahi kuwa huko chini, likavunjika kwa tetemeko, kisha likarudishwa juu na nguvu zinazoinua milima. Mawe hayo yapo. Kinachotakiwa ni kuyatambua.

Alama inayotafutwa ni mshipa mweusi au wa kijivu cheusi, mara nyingi mwembamba kuliko kidole, unaokatiza mwamba kwa mstari ulionyooka. Wataalamu huuita sudotakiliti. Unatokea hivi: pande za ufa zinapoteleza kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde, joto la msuguano halipati muda wa kusambaa. Linabaki palepale kwenye ufa, na ndani ya sekunde chache mwamba unaoguswa unayeyuka. Uji huo wa moto unajipenyeza kwenye nyufa ndogo za pembeni, kisha unaganda haraka, kwa kuwa mwamba unaouzunguka bado ni wa baridi ukilinganisha nao. Kinachobaki ni mshipa mkuu kwenye ufa wenyewe na vitawi vinavyochomoza kutoka kwake, mara nyingi kwa pembe kali. Mwamba unaotembea polepole hauwezi kuacha alama hii, kwa kuwa hauzalishi joto kwa kasi ya kutosha kuyeyuka.

Jina la mwamba huo lilitolewa mwaka 1916 na S. J. Shand, aliyeuona karibu na Vredefort, Afrika Kusini. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba mishipa ya Vredefort ilitokana na kimondo kikubwa kilichoigonga dunia zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, wala si tetemeko la kawaida. Ndiyo maana mshipa mweusi peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Mwaka 1975 Richard Sibson, aliyefanya kazi kwenye visiwa vya Hebrides huko Uskoti, alionyesha jinsi mishipa ya namna hii inavyoweza kusomwa kama kumbukumbu ya tetemeko la kale: ufa uliteleza kiasi gani, kwa joto gani, kwa nguvu gani.

Mishipa ya Sibson ilihusu matetemeko ya karibu na juu. Hatua kubwa kuelekea chini ilipatikana Norway, kwenye kisiwa cha Holsnøy karibu na mji wa Bergen. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita bara lililobeba Norway lilizamishwa chini ya lile lililobeba Greenland, na miamba ya Holsnøy ikafika kina cha kama kilomita 60. Mwaka 1994 Håkon Austrheim na Terry Boundy walichapisha maelezo ya mishipa ya sudotakiliti kutoka hapo, wakionyesha kwamba iliganda mwamba ukiwa bado huko chini.

Walijuaje kwamba haikutokea baadaye, mwamba ulipokuwa njiani kupanda? Hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo. Uji wa mwamba unapoganda, madini yanayozaliwa hutegemea shinikizo la mahali hapo. Karibu na uso ungepata kwa wingi feldispa, madini mepesi ya kawaida ya ganda la dunia. Ndani ya mishipa ya Holsnøy kuna ganeti na omfasiti, madini ya kijani yanayohitaji shinikizo kubwa ili yaumbike. Kwa kupima kemia ya madini hayo kwa mashine ya miale ya elektroni, mtafiti anaweza kukadiria shinikizo na joto la wakati ule mshipa ulipoganda. Makadirio ya Holsnøy ni takriban nyuzi 700 za Selsiasi, kwa kina nilichokwisha kutaja.

Inafaa tukaribie zaidi. Kipande cha mwamba hukatwa kwa msumeno wa almasi, kikagandishwa kwenye kioo, kikasagwa hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, ambapo mwanga unapenya. Chini ya hadubini, upande mmoja unaona mwamba wa asili: granuliti, mwamba mkavu wa chembe kubwa, ulioumbika karibu miaka milioni 930 iliyopita, wenye ganeti zilizozunguka madini mengine kama pete. Kisha unafika kwenye mpaka wa mshipa, na mpaka huo ni mkali kabisa. Ndani ya mshipa chembe ni ndogo sana, nyingine zikiwa na umbo la matawi, dalili kwamba zilikua kwa haraka kutoka kwenye uji uliokuwa unapoa kwa kasi.

Kinachonivutia kuliko yote ni ganeti zilizo pembeni mwa mshipa, zile ambazo hazikuyeyuka. Ganeti ni jiwe gumu. Hata hivyo, karibu na ufa zimepasukapasuka kuwa vipande vidogo mno, na vipande hivyo bado vipo mahali pake. Ukivitazama unaweza kuona umbo la ganeti nzima. Zingekuwa zimesagwa na mwendo wa polepole, vipande vingesogea na kuzunguka. Hapa hakuna kilichosogea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Austrheim na wenzake ulieleza kwamba upasukaji huo unatokana na wimbi la msongo linalosafiri na ncha ya ufa unapochanika kwa kasi kubwa. Yaani si msuguano uliozivunja, ni ncha ya tetemeko yenyewe ilipopita, kabla uji wa moto haujaumbika.

Mishipa hii inaweza hata kutoa namba. Joto lililoyeyusha mwamba lilitokana na kazi ya msuguano, na kazi hiyo ni msongo ukizidishwa kwa umbali wa kuteleza. Kuyeyusha mita moja ya ujazo ya mwamba wa koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, kunahitaji nishati ya jouli bilioni 5 hadi 6 kwa makadirio ya jumla. Ukikuta mshipa wa sentimita 1, na alama zilizokatwa pande zote mbili zinaonyesha ufa uliteleza nusu mita, hesabu inakupa msongo wa zaidi ya megapaskali 100, yaani kama tani moja kukandamiza kila sentimita moja ya mraba. Torgeir Andersen, Austrheim na wenzao walifanya hesabu za aina hii kwa mishipa ya Cap Corse, kaskazini mwa kisiwa cha Corsica, ambako kipande cha koti la dunia kilizamishwa wakati milima ya Alpi inajengwa. Walipata joto la karibu nyuzi 1,700 na msongo wa mamia ya megapaskali. Hiki si kiwango cha mwamba uliolainika. Ni mwamba uliokuwa na nguvu nyingi hadi dakika ya mwisho.

Na hapo ndipo mjadala mkubwa ulipo.

Tangu mwaka 1965, maelezo yaliyopendwa zaidi kwa matetemeko ya kina cha kati yamekuwa maji. Mwaka huo Barry Raleigh na Mervyn Paterson walibana serpentini kwenye maabara. Serpentini ni madini yanayotokea mwamba wa koti la dunia unapokutana na maji ya bahari, na asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Waligundua kwamba ikipashwa joto la kati ya nyuzi 500 na 700, serpentini huachia maji yake, na mwamba uliokuwa unapinda unaanza kupasuka. Maji yaliyonaswa yanasukuma pande za ufa kwa nje, shinikizo la kuzibana linapungua, na kuteleza kunawezekana tena. Maelezo haya yanaendana na kilichoonekana kaskazini mashariki mwa Japani mwaka 1978, pale Akira Hasegawa na wenzake walipoonyesha kwamba matetemeko ndani ya bamba linalozama yamejipanga katika tabaka mbili zilizoachana kwa kilomita 30 hadi 40. Watafiti wengi wamezihusisha tabaka hizo na mahali ambapo madini yenye maji yanafikia joto la kuyaachia.

Ni maelezo mazuri. Tatizo ni kwamba mawe ya porini mara nyingi hayasemi hivyo. Holsnøy, kilichovunjika ni granuliti kavu. Maji yaliingia kupitia nyufa, yakaugeuza mwamba kuwa eklojiti, mwamba mzito wa ganeti na omfasiti, na eklojiti hiyo ikaanza kutiririka kwa ulaini. Tetemeko ndilo lililofungua mlango wa maji. Corsica, mishipa inapita ndani ya gabro (mwamba mweusi ulioganda kutoka uji wa moto) na peridotiti (mwamba wa koti la dunia) ambazo hazikuwa na serpentini ya kutosha kueleza kuvunjika kwake. Na katika milima ya Lanzo, Italia, Marco Scambelluri na wenzake walieleza mwaka 2017 mishipa ya kina cha kilomita 60 hadi 70 iliyomo ndani ya miamba mikavu iliyozungukwa na miamba yenye maji iliyolainika. Picha waliyoichora inaeleweka kirahisi: sehemu laini zinapinda na kukabidhi mzigo wote kwa sehemu ngumu zilizo katikati yao, na sehemu ngumu zikishindwa, zinashindwa kwa ghafla.

Mwaka huohuo Thomas Ferrand na wenzake waliunganisha pande mbili za hoja kwenye maabara. Walitengeneza mawe bandia ya olivini (madini makuu ya koti la juu la dunia) yaliyochanganywa na serpentini, wakayabana na kuyapasha joto huku vihisi vikisikiliza mipasuko midogo. Hata sampuli yenye serpentini asilimia 5 tu ilipasuka serpentini ilipoanza kupoteza maji. Haikuhitajika bahari ya maji. Kilichotosha ni vijisehemu vichache kulegea, vikahamishia msongo kwa olivini kavu inayovizunguka. Kwa maoni yangu haya ndiyo maelezo yanayoheshimu ushahidi wa mawe kuliko mengine: maji yanaweza kuanzisha, lakini kinachovunjika, na kinachotoa nguvu ya tetemeko, ni mwamba mkavu.

Kuna wazo la tatu ambalo halihitaji maji hata tone. Mwamba ukianza kupinda katika ukanda mwembamba, kupinda kunazalisha joto, joto linaulainisha ukanda huo zaidi, unapinda kwa kasi zaidi, na mzunguko unajilisha wenyewe hadi ukanda unayeyuka. Peter Kelemen na Greg Hirth walilifanyia hesabu mwaka 2007. Dalili zake hutafutwa pia kwenye mawe: sudotakiliti inayopita ndani ya ukanda wa mwamba uliosagika na kupinda kabla.

Yote haya yanafaa kwa kina cha kati. Bolivia ya 1994 ni suala jingine, kwa sababu kutoka kilomita 600 hakuna mwamba mzima unaopanda ukabaki kama ulivyokuwa. Huko mtuhumiwa mkuu ni olivini, madini ya kijani yanayojenga sehemu kubwa ya koti la juu. Kwa kawaida ikifika kilomita 410 muundo wake unabanwa na kuwa madini mengine mazito zaidi, na ikikaribia kilomita 660 inabadilika tena. Lakini bamba linalozama lina ubaridi wa chini ya bahari ndani yake, na katikati ya bamba olivini inaweza kuchelewa, ikabebwa chini bila kubadilika. Ikibadilika hatimaye, inabadilika ghafla katika mikanda myembamba yenye chembe ndogo mno zinazoteleza kirahisi. Mwaka 1989 Harry Green na Pamela Burnley walilionyesha hilo kwa olivini bandia iliyotengenezwa na jerimani badala ya silikoni, kwa sababu hiyo hubadilika kwa shinikizo ambalo mashine inaliweza. Mwaka 2013 Alexandre Schubnel na wenzake walirudia jaribio wakiwa na vihisi vya sauti, na wakanasa mipasuko iliyokuwa na tabia ya matetemeko madogo kabisa.

Hata bila jiwe mkononi, mishipa myeusi imesaidia kulielewa tetemeko la Bolivia. Mwaka 1998 Hiroo Kanamori, Don Anderson na Thomas Heaton walilinganisha nishati iliyotoka kama mawimbi na ile yote iliyoachiliwa. Sehemu ndogo tu ilikuwa imeondoka kama mtikisiko. Iliyobaki ilitosha kuyeyusha tabaka la mwamba la unene wa hadi sentimita 31. Kwa hesabu hiyo kilomita 630 chini ya Bolivia kuna mshipa wa jamii ileile ya Holsnøy na Corsica, mnene mara nyingi zaidi. Na almasi zinaongeza kipande kingine: mwaka 2014 Graham Pearson na wenzake walitangaza kwamba ndani ya almasi moja ya Juína, Brazili, kuna chembe ya ringwuditi, umbo ambalo olivini huchukua baada ya kilomita 520, ikiwa na maji zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Maji, basi, yanaweza kufika huko pia, na mjadala wa kina cha kati umeshuka nayo.

Afrika Mashariki hatuna bamba linalozama, wala matetemeko ya kilomita 600. Lakini swali la mwamba mkavu linatuhusu moja kwa moja. Mabarani, matetemeko mengi huishia kilomita 15 hadi 20, kwa kuwa chini ya hapo joto limeulainisha mwamba. Bonde la Ufa halifuati utaratibu huo. Karibu na Ziwa Manyara vituo vya muda vilivyowekwa mwaka 2007 vilirekodi mfululizo wa matetemeko ya kilomita 20 hadi 40. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, Shirika la Jiolojia la Marekani lililipa ukubwa wa 5.9 na kina cha kilomita 40. Chini ya Rwenzori, Michael Lindenfeld na Georg Rümpker waliripoti mwaka 2011 matetemeko ya kilomita 53 hadi 60, ndani ya koti la dunia kwenyewe.

Miamba inatoa sehemu ya jibu. Volkano ya Labait, si mbali na Mlima Hanang, ilipolipuka ilibeba juu vipande vya granuliti kutoka ganda la chini, na umri wake umezidi miaka bilioni 2.5. Granuliti ni mwamba uliokwisha kupikwa hadi maji yake mengi yakaondoka, kama ule wa Holsnøy, na mwamba wa namna hiyo hubaki mgumu kwenye kina ambacho mwamba wenye unyevu ungekuwa umelegea zamani.

Ugumu huo una matokeo kwa wanaoishi juu yake. Ganda linaloweza kuvunjika hadi kilomita 30 au 40 lina nafasi ya kubeba ufa wenye eneo kubwa zaidi kuliko linaloishia 15, na ukubwa wa tetemeko unategemea eneo la ufa unaoteleza. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani Afrika katika karne ya 20. Mhandisi anayepanga jengo Sumbawanga, Mbeya au Karonga leo anahitaji kujua ganda chini yake linavunjika hadi kina gani, na namba hiyo haipatikani kwa vipima tetemeko peke yake. Inahitaji pia mtu anayejua mwamba ulio huko chini ni wa aina gani, na ni mkavu kiasi gani.